Nguo ya Kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri matako. Neno hilo kali la wahenga lilipata shahidi wake tarehe 18 Aprili 2021, katika kumi la kwanza la Ramadhani, pale ndege iliyotoka Aljeria ilipotua kwenye kambi ya jeshi la anga ya Zaragoza, kaskazini ya Hispania, ikiwa imebeba mgonjwa aliyezidiwa na maradhi ya korona. Mgonjwa huyo alikuwa Brahim Ghali, Katibu Mkuu wa chama cha Polisario na Rais wa Jamhuri ya Kiarabu ya Kidemokrasia ya Sahara, dola inayokaa baraza moja na Moroko katika Umoja wa Afrika. Hapana afisa aliyemtaka pasi. Alipelekwa hospitali ya mji wa Logroño, na huko akaandikwa daftarini kwa jina la Mohamed Benbatouche, raia wa Aljeria. Rais wa nchi akalazwa kitandani bila ya nchi yake na bila ya jina lake.

Siri ile haikutimiza wiki. Siku nne baadaye jarida la Jeune Afrique la Paris liliifichua, na Madrid ikalazimika kukiri kwamba mtu huyo yumo nchini, ameingizwa kwa sababu za kibinadamu. Yaliyofuata yanajulikana: Moroko ilighadhibika, mpaka wa Ceuta ukafunguliwa, waziri akapoteza kiti chake, na sera ya miaka mingi ikageuzwa kwa barua moja. Lakini kujulikana kwa kisa si kufahamika kwake. Mpaka leo kisa hiki husimuliwa kana kwamba ni hadithi ya pasi isiyogongwa muhuri. Kuna mpaka mwengine uliovukwa pasina hodi katika jangwa lile lile, na waliopiga kelele juu ya mpaka wa kwanza ndio wasiopenda kuulizwa juu ya huo wa pili.

Ianzwe na sheria, maana ndiyo iliyotajwa zaidi na ndiyo iliyoheshimiwa kidogo. Kanuni ya mipaka ya Schengen inataka kila mgeni atokaye nje akaguliwe anapoingia. Hata hivyo, kanuni hiyo hiyo ina milango miwili ambayo Hispania ingeweza kuifungua mchana kweupe. Mlango wa kwanza unasema kwamba mkuu wa nchi na ujumbe wake wanaweza kusamehewa ukaguzi, maadamu safari yao imetangazwa kwa njia za kibalozi. Mlango wa pili unairuhusu dola kumwingiza mtu asiyetimiza masharti, kwa sababu za kibinadamu. Kwa mlango wa kwanza Hispania ingelazimika kumwita Ghali rais, jambo isilolikubali. Kwa mlango wa pili ingelazimika kusema tu: huyu ni mgonjwa, jina lake ni hili, amekuja kutibiwa. Maneno hayo machache yakaonekana mazito mno. Mgeni akapitishwa mlango wa uani, kama apitishwavyo mtu ambaye mwenye nyumba anaona haya kuonekana naye.

Haya hiyo ndiyo kosa. Kumtibu mgonjwa si kosa katika dini yoyote wala katika sheria yoyote inayostahili jina hilo, na wale waliodai kwamba Ghali angeachwa afe ili uhusiano wa majirani usivurugike hawahitaji kujibiwa. Lakini hisani inayofanywa kwa kujificha huzaa mashaka ambayo hisani ya wazi haiyazai. Lau mgonjwa angeandikwa kwa jina lake, pasingekuwa na la kufichua. Kwa kuwa aliandikwa kwa jina la kuazima, wema wenyewe ukageuka ushahidi wa hatia. Jaji wa Zaragoza alifungua uchunguzi kutaka kujua nani aliamuru pasi isikaguliwe, na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Arancha González Laya, akawa miongoni mwa waliochunguzwa. Mwaka 2022 mahakama ya jimbo ikaamuru shauri lifungwe. Kisiasa lilikwishafungwa zamani: Julai 2021 waziri huyo alikwishaondolewa barazani. Ndivyo dola zilivyo. Zikiogopa kusema kweli kwa kinywa chao, hutafuta mtumishi mmoja akaibeba aibu mgongoni.

Insafu inataka hoja za Rabat nazo zisikilizwe, maana si zote ni za kupuuzwa. Moroko ilisema kwamba jirani mwema hampokei adui wa jirani yake kwa siri. Ilisema kwamba juu ya Ghali yalikuwapo mashitaka mbele ya mahakama ya Hispania, yaliyofunguliwa na Wasahrawi waliodai kuteswa, na kwamba jina la uongo lilikuwa njia ya kumkwepesha jaji. Hoja hii ya mwisho ina uzito, na Polisario haina haki ya kuicheka: chama kinachodai haki za watu wake hakiwezi kuwaziba vinywa wale miongoni mwao wanaosema waliumizwa kambini. Tarehe 1 Juni 2021 Ghali alihojiwa na jaji wa Madrid kwa njia ya video, akiwa bado hospitalini. Jaji hakuona sababu ya kumzuia, na usiku ule ule akapanda ndege ya kurudi Aljeria. Ikiwa Moroko ilitaka sheria ifuate mkondo wake, basi sheria iliufuata. Kilichobaki baada ya hapo hakikuwa kiu ya haki.

Na tayari kilikwishaonekana kilikuwa kiu ya nini. Tarehe 17 Mei, siku chache baada ya Idi, askari wa Moroko wanaolinda mpaka wa Ceuta walisimama kando. Katika muda wa siku mbili watu wapatao 8,000 waliingia katika mji ule, wengine wakiogelea kuzunguka ukuta wa mawe ulioingia baharini, wengine wakitembea juu ya mwamba maji yakikupwa. Walikuwamo watoto wapatao 1,500. Ulimwengu ulimwona kijana mmoja akielea baina ya chupa tupu za plastiki alizojifunga mwilini, akilia huku akisogea ufuoni mbele ya wanajeshi. Haukupita muda maiti ya mtu mmoja ikaopolewa majini. Balozi wa Moroko mjini Madrid alisema kwamba yako matendo yenye matokeo, na atendaye hana budi kuyapokea. Akaitwa nyumbani kwa mashauriano.

Msomaji apime neno hilo. Tendo lilikuwa la mawaziri wa Madrid na wa Aljeria. Matokeo yakapokewa na watoto wa Fnideq na Tetouan, watoto wa Moroko yenyewe. Serikali iliyosema kwamba heshima ya mipaka yake imevunjwa ndiyo iliyowageuza raia wake wadogo kuwa mawe ya kombeo. Tarehe 10 Juni Bunge la Ulaya lililaani kutumiwa kwa watoto, kwa kura 397 dhidi ya 85, wajumbe 196 wakijizuia. Lakini Ulaya nayo haikunawa mikono. Agosti ya mwaka huo Hispania ilianza kuwarudisha Moroko watoto waliokuwa wamebaki Ceuta, bila ya kulisikiliza shauri la kila mmoja wao kama sheria yake inavyotaka. Mahakama ikalisimamisha zoezi hilo, na Januari 2024 Mahakama Kuu ya Hispania ikathibitisha kwamba lilikuwa kinyume cha sheria. Basi hesabu ya wavunja sheria katika kisa hiki ni ndefu, na mgonjwa wa Logroño si wa kwanza wala si wa mwisho ndani yake.

Wako watakaosema kwamba yote haya yasingetokea lau Ghali angeingia kwa jina lake. Kauli hii inapendeza masikioni, na miezi iliyofuata iliijaribu. Februari 2022 Ghali aliingia Brussels kwa jina lake, akakaa katika mkutano wa Umoja wa Ulaya na Umoja wa Afrika, katika bara lile lile ambalo miezi kumi kabla lilimwandika Benbatouche. Ulaya ikaharakisha kueleza kwamba kukaa kwake pale hakubadilishi msimamo wake wa kutoitambua dola yake. Agosti 2022 akatua Tunis kwa mkutano wa Japani na Afrika, na Rais Kais Saied akampokea uwanjani mbele ya kamera. Moroko ikamwita nyumbani balozi wake, Tunisia nayo ikamwita wake. Septemba 2022 alikuwapo Nairobi siku ya kuapishwa kwa Rais William Ruto. Kesho yake, baada ya kuonana na Waziri wa Mambo ya Nje wa Moroko, rais mpya alitangaza katika mtandao kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahara. Tangazo likafutwa, na wizara ikalazimika kueleza kwamba Kenya haiendeshi sera zake za nje kwa njia hiyo.

Basi ni wazi. Akiingia kwa jina la uongo, pana ghadhabu. Akiingia kwa jina lake, pana ghadhabu. Kinachochukiza si namna ya kuingia. Kinachochukiza ni kwamba yupo, na kwamba jina lake likitamkwa humkumbusha kila mtu swali ambalo halijajibiwa. Na maadamu ghadhabu ilikuwa lazima ije kwa njia zote mbili, Hispania ilipoteza bure fursa ya kughadhibikiwa ikiwa na heshima yake.

Swali lenyewe ni la mwaka 1975. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa ushauri kwamba yalikuwapo mafungamano ya utiifu baina ya baadhi ya makabila ya Sahara na Sultani wa Moroko, lakini haikuona mafungamano ya mamlaka ya kidola yanayoweza kuwaondolea wenyeji haki ya kujiamulia mambo yao. Siku hiyo hiyo Mfalme Hassan wa Pili alitangaza Maandamano ya Kijani, na tarehe 6 Novemba watu wake, waliokusanywa wafikao 350,000, wakauvuka mpaka wakiwa na misahafu na bendera. Hawakuwa na pasi, wala hapakuwa na aliyewaalika miongoni mwa wenye nchi. Siku nane baadaye, Hispania ikiwa na mtawala wake Franco kitandani mahututi, mkataba ulitiwa saini Madrid wa kuikabidhi Sahara kwa Moroko na Mauritania. Wasahrawi hawakuulizwa. Mwaka 2002 mwanasheria mkuu wa Umoja wa Mataifa alieleza kwamba mkataba ule haukuhamisha mamlaka juu ya nchi ile, maana Hispania haikuwa na mamlaka ya namna hiyo ya kumpa mtu.

Hapo ndipo pana kipimo. Mtu mmoja mgonjwa kuingia bila ya kukaguliwa kukaitwa uvunjaji wa mipaka, kukahitaji jaji, mashahidi na waziri wa kuadhibiwa. Maelfu kwa maelfu kuingia katika nchi ya watu wengine, nyuma yao majeshi, kukaitwa maandamano, na sikukuu yake husherehekewa kila mwaka. Moroko ilipouliza Hispania ingehisi vipi lau viongozi wa Catalonia wangepokewa Rabat kwa siri, ilidhani imepiga panapouma. Lakini Catalonia haimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zisizojitawala. Sahara Magharibi imo tangu 1963. Mwenye Rabat analijua hilo, na mwenye Madrid analijua zaidi, kwani ndiye aliyekuwa mkoloni.

Wala Polisario na Aljeria wasisimame pembeni wakijipangusa vumbi. Chama kilichoundwa Mei 1973 kwa ajili ya kulipatia taifa jina, kikakubali kiongozi wake aingie ugenini akiwa amelivua jina hilo mlangoni. Yawezekana mgonjwa mwenyewe hakuwa na fahamu za kuamua. Waliomzunguka walikuwa nazo. Watu wanaokisiwa kuwa zaidi ya laki moja wamekaa katika kambi za Tindouf karibu nusu karne, katika mahema na vibanda vya udongo, wakila chakula cha msaada, na watoto wao wakifundishwa kwamba wao ni Wasahrawi na si kitu kingine. Siku ile mkubwa wao alikuwa Mualjeria kwa maandishi. Madai ya Rabat kwa miaka yote ni kwamba Polisario ni kivuli cha Aljeria. Hapana mpiga propaganda wa Rabat ambaye angebuni ushahidi mzuri kuliko daftari lile la hospitali. Aljeria, iliyotoa ndege na jina, ilidhani inamsitiri mgeni wake. Ilimvua.

Gharama ikalipwa, na kama ilivyo ada, hakuilipa aliyekopa. Tarehe 18 Machi 2022 kasri ya Moroko ilitangaza barua ya Waziri Mkuu wa Hispania, Pedro Sánchez, inayousifu mpango wa Moroko wa kuipa Sahara utawala wa ndani kuwa ndio msingi wa dhati, wa kweli na wa kuaminika zaidi wa kutatua mgogoro. Barua haikupitia bungeni kabla, na Wasahrawi hawakuulizwa, kama wasivyoulizwa 1975. Tarehe 7 Aprili Sánchez alifuturu kwa Mfalme Mohammed wa Sita mjini Rabat. Mwaka mmoja baada ya Ramadhani ya mgonjwa ikaja Ramadhani ya karamu, na kilichokuwa juu ya meza kilikuwa nchi ya mtu wa tatu. Aljeria nayo ikamwondoa balozi wake Madrid, na Juni ikasimamisha mkataba wa urafiki wa mwaka 2002.

Na wale walioambiwa kwamba urafiki huo mpya utaleta amani mipakani walipata jibu lao upesi. Tarehe 24 Juni 2022 vijana wa Kiafrika, wengi wao Wasudani waliokimbia vita, walijaribu kuuvuka uzio wa Melilla. Askari wa pande zote mbili, sasa wakiwa marafiki, walifanya kazi pamoja. Wasiopungua 23 walikufa kwa kukanyagana, kukosa pumzi na kipigo. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu zaidi. Mwaka mmoja kabla, mpaka ulifunguliwa ili Hispania iadhibiwe. Mwaka huu ulifungwa ili Hispania iridhishwe. Katika hali zote mbili mpaka ulikuwa chombo, na waliokuwa mlangoni hawakuhesabiwa kuwa watu.

Afrika ya Mashariki haina ruhusa ya kulitazama jambo hili kwa mbali. Tanzania iliitambua Jamhuri ya Sahara mwaka 1978, wakati nchi hii ilipokuwa bado inazihesabu harakati za ukombozi wa wengine kuwa ni zake. Moroko ilitoka katika Umoja wa nchi huru za Afrika mwaka 1984 kwa sababu ya Sahara kupewa kiti, ikarudi Januari 2017 bila ya Sahara kuondolewa. Oktoba 2016, kabla ya kurudi huko, Mfalme Mohammed wa Sita alizuru Dar es Salaam, na leo Kinondoni pana msikiti mkubwa wenye jina lake. Msikiti ni jambo la kheri. Lakini kheri ikitolewa na mwenye haja, mpokeaji hana budi kujua mahali inapokoma shukrani na inapoanza bei. Kenya, iliyokana kwamba sera zake hugeuka kwa tangazo la mtandaoni, mwezi Mei 2025 iliuunga mkono mpango wa Moroko kwa taarifa rasmi. Kilichoonekana ni pupa mwaka 2022 kikawa sera mwaka 2025. Kilichokosekana mara ya kwanza kilikuwa muhuri tu.

Itasemwa kwamba ulimwengu umekwishaamua, na kwamba aliyebaki akitaja 1975 ni mshairi asiyejua siasa. Kweli Marekani iliyatambua madai ya Moroko Desemba 2020. Kweli tarehe 31 Oktoba 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2797, liliufanya mpango wa Moroko kuwa msingi wa mazungumzo, kwa kura 11, Urusi, China na Pakistani zikijizuia na Aljeria isipige kura. Lakini azimio hilo hilo halikuthubutu kulifuta neno la kujiamulia. Na tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kubatilisha mikataba ya uvuvi na mazao baina ya Ulaya na Moroko kwa kuwa ridhaa ya watu wa Sahara haikupatikana. Ridhaa: ndilo neno linalorudi kila mlango ukifungwa. Hodi isiyojibiwa na mwenye nyumba si ruhusa ya kuingia, hata ikipigwa na watu 350,000, hata ikiungwa mkono na nchi kumi na moja.

Haki moja ilitakiwa Logroño, nayo ilikuwa ndogo: mtu aliyezaliwa katika nchi iliyokuwa chini ya bendera ya Hispania, akauguliwa na Hispania, aandikwe jina lake. Jina hilo lingeigharimu Madrid siku chache za maneno makali. Kukosekana kwake kumeigharimu Sahara zaidi ya hapo, na wala halikupatikana hata hivyo. Katika daftari lile, mgonjwa aliyepona na kuondoka bado ni Mohamed Benbatouche.